Barua ya wazi kwa wasimamizi wa michezo nchini: kumkumbuka Harry Parker, na ombi kwa ajili ya walimu wetu wa makasia

Kwa Wizara yenye dhamana ya michezo, Baraza la Michezo la Taifa na Kamati ya Olimpiki Tanzania.

YAH: KUMKUMBUKA KOCHA HARRY PARKER NA OMBI LA KUWAPA MUDA MAKOCHA WA MCHEZO WA MAKASIA

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, kwa sasa mkazi wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani, na mchezo wa makasia wa mashua nyembamba za mashindano nimejifunzia ukubwani katika Mto Charles, kwenye nyumba ya mashua ya umma iliyopewa jina la Harry Parker. Sikujaliwa kuonana naye. Namfahamu kwa kazi aliyoiacha, na kwa watu aliowafundisha, ambao hadi leo, wengine wakiwa na wajukuu, hawamalizi mazungumzo yoyote ya mtoni bila kumtaja.

Naandika kwenu kwa sababu maisha ya mtu huyu yanaonyesha waziwazi jambo ambalo sisi hatujalipa nafasi katika michezo ya majini: kocha mmoja akipewa muda mrefu, akaaminiwa hata anaposhindwa, huzaa wachezaji, na miongoni mwa wachezaji hao huzaliwa makocha wengine. Nitaeleza habari zake kwa kirefu kidogo, kisha nitasema ninachoomba.

Harry Parker alifariki dunia tarehe 25 Juni 2013 akiwa na umri wa miaka 77, kwa ugonjwa wa uboho ulioathiri utengenezaji wa damu mwilini mwake. Alikuwa kocha mkuu wa makasia wa wanaume katika Chuo Kikuu cha Harvard tangu mwaka 1963, yaani misimu 51 mfululizo. Ugonjwa ule haukumtoa mtoni. Mwezi huohuo wa Juni, wiki chache tu kabla hajafariki, alikuwa bado ndani ya boti ya kocha katika Mto Thames wa jimbo la Connecticut, akiwafuata vijana wake walipokuwa wakiwashinda wenzao wa Chuo Kikuu cha Yale, na mbio hizo ndizo zilizokuwa za mwisho kwake.

Alizaliwa mwaka 1935 huko Connecticut, lakini hakulelewa ndani ya mashua. Makasia alianza kuyashika alipoingia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alikokwenda kusoma falsafa, na kocha aliyempokea huko alikuwa Joe Burk, mtu ambaye mwaka 1938 na 1939 alitwaa kombe la Diamond Sculls katika mashindano ya Henley, Uingereza. Nawaomba mlishike jina la Burk, kwa sababu litarudi. Baada ya chuo Parker aliendelea kupiga makasia peke yake katika mashua ya mtu mmoja, akapata medali ya dhahabu katika Michezo ya Bara la Amerika ya mwaka 1959 iliyofanyika Chicago, na mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Roma, akamaliza wa 5. Hakuacha mchezo alipokuwa kocha. Aliendelea kuingia mtoni na mashua yake ya mtu mmoja hadi uzeeni, na watu wa Harvard wanakumbuka jinsi alivyokuwa akipanda na kushuka ngazi za zege za uwanja wa chuo pamoja na vijana waliokuwa na umri wa kuwa wajukuu zake, akishindana nao kwa dhati. Nimewasikia wengi wakisema kwamba alikuwa mtu wa maneno machache sana. Nadhani kijana anayemwona kocha wake wa miaka zaidi ya 60 akipanda ngazi zilezile anazozipanda yeye hahitaji hotuba ndefu.

Ukocha mkuu aliupata kwa msiba. Mwaka 1963 kocha wa Harvard, Harvey Love, alifariki ghafla, na kijana Parker, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, akakabidhiwa timu nzima akiwa na miaka 27. Mtihani wake mkubwa wa kwanza ulikuwa mbio dhidi ya Yale. Mashindano hayo yalianza mwaka 1852, na ndiyo ya kale kuliko yote baina ya vyuo vya Marekani. Urefu wake ni maili 4, yaani zaidi kidogo ya kilomita 6, ilhali mbio za kawaida za Olimpiki ni mita 2,000. Yale ndio waliotarajiwa kushinda. Harvard wakashinda, na wakaendelea kushinda mwaka hadi mwaka bila kupoteza hata mara moja hadi mwaka 1981, miaka 18 ya ushindi mtupu. Katika mbio 51 alizoongoza dhidi ya Yale kwa mashua ya kwanza ya chuo, alishinda 44 na kupoteza 7.

Takwimu hizo zinavutia, na najua ndizo zinazotajwa kwanza kila anapozungumziwa. Mimi naona uzito wake uko mahali pengine, hasa katika mwaka 1968 na katika miaka ya 1975 na 1976, na hapo ndipo ninapotaka kutua.

Mwaka 1968 Marekani ilichagua mashua yake ya watu wanane ya Olimpiki kwa mbio za mchujo zilizofanyika Long Beach, California. Fainali ya mchujo ilizikutanisha Harvard ya Parker na Pennsylvania, na kocha wa Pennsylvania alikuwa bado Joe Burk, mwalimu wa Parker mwenyewe. Harvard walishinda kwa tofauti ya sekunde 0.05. Muda huo ni mfupi kuliko kupepesa jicho, na baada ya mita 2,000 za kuvuta makasia ndio ulioamua nani aende Mexico na nani abaki nyumbani. Mwanafunzi alimshinda mwalimu wake kwa kile alichofundishwa na mwalimu huyohuyo, na hakuna aliyelichukua jambo hilo kuwa utovu wa adabu.

Huko Mexico City, katika mwinuko wa zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi iliwatesa wapiga makasia wa mataifa mengi, Harvard waliingia fainali wakamaliza wa 6 kati ya mashua 6. Vijana wale, hata hivyo, waliacha alama nyingine. Baadhi yao walikuwa wamejitokeza hadharani kuwaunga mkono wanariadha weusi wa Marekani waliokuwa wakidai haki zao. Katika ile picha inayojulikana duniani kote, ya Tommie Smith na John Carlos wakiwa wameinua ngumi jukwaani, Peter Norman wa Australia amevaa kifuani beji ya harakati hizo za kudai haki. Beji hiyo alipewa na Paul Hoffman, mshika usukani wa mashua ya Harvard. Sidai kwamba Parker aliwafundisha vijana wake siasa. Nasema kwamba timu aliyoilea ilikuwa na vijana waliojua kusimama upande wa wenzao, na kwetu sisi Waafrika hilo si jambo dogo.

Sasa, waheshimiwa, jiulizeni: kocha wa aina hiyo, aliyekwenda Olimpiki na kurudi akiwa wa mwisho katika fainali, angefanywa nini kwetu? Tunazijua taarifa za vilabu vyetu vya soka, zinazotoka usiku baada ya mechi mbili za kufungwa, zikimshukuru kocha kwa mchango wake na kumtakia kila la heri. Harvard hawakumwondoa Parker. Miaka 4 baadaye, Munich 1972, mashua ya watu wanane ya Marekani aliyoiandaa yeye ilipata medali ya fedha nyuma ya New Zealand. Hali ilikuwa hivyohivyo baada ya Yale kuukata ule mfululizo wa miaka 18. Alibaki, akarekebisha, na mwaka 1985 mashua yake ilitwaa kombe la Grand Challenge, la mashua za watu wanane, kule Henley.

Jambo la pili ni la wanawake. Olimpiki ya kwanza kuwa na mbio za makasia za wanawake ilikuwa ya Montreal, mwaka 1976, na hata hapo mbio zao zilikuwa za mita 1,000 tu, nusu ya zile za wanaume, kwa sababu wakubwa wa mchezo waliamini kwamba miili yao isingestahimili zaidi. Mwaka mmoja kabla, Parker, aliyekuwa tayari kocha mwenye jina kubwa kuliko wote nchini mwake na ambaye hakuwa na haja ya kuongeza sifa, alikubali kuifundisha mashua ya watu wanane ya wanawake wa Marekani. Aliwafundisha kwa ukali uleule na kwa kazi ileile aliyowapa wanaume wake. Mwaka huo wa 1975, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Nottingham, walipata fedha nyuma ya Ujerumani Mashariki, na mwaka uliofuata, Montreal, wakapata shaba nyuma ya Ujerumani Mashariki na Umoja wa Kisovieti.

Mmoja wao alikuwa Carie Graves. Mwaka 1977, akiwa bado mchezaji wa timu ya taifa, Graves alianza kuwafundisha wanawake wa Harvard, na mwaka 1984 huko Los Angeles alikuwa ndani ya mashua ya wanawake ya Marekani iliyopata dhahabu. Burk alimfundisha Parker, Parker akamfundisha Graves, na Graves akawafundisha mabinti wa kizazi kilichofuata. Mnyororo huo ulihitaji karibu nusu karne, na ungekatika mapema kama yeyote kati yao angepewa mkataba wa msimu mmoja.

Naomba nieleze kidogo kwa nini mchezo huu hasa haukubali haraka, kwa kuwa najua wengi wenu mmekulia kwenye soka na riadha. Katika mashua ya mashindano mpiga makasia huketi akiipa mgongo njia anayokwenda, juu ya kiti kinachoteleza mbele na nyuma juu ya reli ndogo, na nguvu nyingi hutoka miguuni, si mikononi kama wengi wanavyodhani. Watu wanane lazima waingize makasia majini kwa wakati mmoja, wayatoe kwa wakati mmoja, na miili yao iteleze kwa mwendo mmoja, zaidi ya mara 30 kwa dakika, kwa takriban dakika 6. Mmoja akichelewa kidogo tu, mashua huinama upande mmoja na wote huipoteza kasi yao. Ulinganifu huo haununuliwi wala hauletwi na hamasa ya siku ya mashindano. Hujengwa na mtu aliyekaa kwenye boti ndogo pembeni, asubuhi baada ya asubuhi, akitazama mikono ya vijana walewale miaka hadi miaka, mpaka ajue nani huchelewa anapochoka na nani huwahi anapoogopa.

Nyumba ya mashua niliyojifunzia si mali ya Harvard. Ni ya shirika la umma liitwalo Community Rowing, lililoanzishwa mwaka 1985 ili mto usibaki kuwa wa vyuo na vilabu vya watu wenye uwezo, na Parker alikuwa miongoni mwa waliolianzisha. Jengo lake la sasa lilifunguliwa mwaka 2008 na kupewa jina lake akiwa hai, akiwa na nguvu zake. Huko hufundishwa watoto wa shule za serikali za Boston, watu wenye ulemavu, askari wastaafu, na wahamiaji kama mimi. Mtu aliyetumia maisha yake kuwafundisha vijana wa chuo chenye jina kubwa kuliko vyote nchini mwake aliona kwamba kazi hiyo haijatosha mpaka mlango ufunguliwe na kwa wengine, na kati ya yote aliyoyafanya, hili ndilo ninalomheshimia zaidi.

Nageukia kwetu. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Watu wa kanda hiyo hupiga kasia tangu utotoni kwa sababu ya uvuvi na usafiri, na mashindano ya mitumbwi, yakiwemo yale ya Balimi ambayo fainali zake zimewahi kuujaza Mwaloni Kirumba pale Mwanza, yameonyesha kwamba wapo wanaume na wanawake wenye nguvu, pumzi na umoja wa kuvuta unaomshangaza hata mtu aliyeona mbio za mataifa makubwa. Najua mtumbwi si mashua ya Olimpiki, na kafi la mvuvi si kasia la kiti kinachoteleza. Lakini pumzi ni ileile, maji ni yaleyale, na kocha mwenye muda anaweza kuufundisha mtindo mpya kwa mwili ambao tayari unajua kazi.

Jirani zetu wa Uganda wamekwisha kuthubutu. Kathleen Noble aliiwakilisha Uganda katika makasia kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, akawa wa kwanza wa nchi yake katika mchezo huo, kisha akarudi tena Paris mwaka 2024. Sisi tumeshiriki Olimpiki tangu mwaka 1964, na medali zetu mbili zote ni za Moscow 1980, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, na Nyambui ni mtoto wa Majita, palepale kando ya ziwa.

Kuna jambo jingine linalofanya ombi hili lisikawizwe. Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028 itakuwa na mbio fupi za makasia za ufukweni, ambazo mchezaji huanza kwa kukimbia mchangani, hurukia mashua, huzunguka maboya hadi mita 250 kutoka ufukweni, hurudi na kumaliza kwa kukimbia tena. Mbio hizo zimo pia katika Olimpiki ya Vijana ya Dakar ya mwaka 2026, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Mashua zake ni pana na imara kwa ajili ya mawimbi. Hazihitaji njia ya maji tulivu ya mita 2,000 iliyojengwa kwa gharama kubwa; zinahitaji ufukwe, na sisi tunao kuanzia Tanga hadi Mtwara, Unguja na Pemba, Mwanza, Bukoba, Musoma na Kigoma. Mbio za kawaida za mwaka huo wa 2028, ambazo mara hii zimefupishwa kuwa mita 1,500, zitafanyika Long Beach, mahali palepale ambapo Parker alimshinda Burk kwa sekunde 0.05.

Najua mtaniambia kwamba Harvard ni tajiri na sisi sivyo. Ni kweli, na sitaki kulipunguza. Fedha zilimnunulia Parker mashua nzuri na zikamlipa mshahara kwa nusu karne. Lakini vyuo tajiri Marekani ni vingi, na vingi vimekuwa vikibadilisha makocha bila kupata hata sehemu ya alichokipata yeye. Mshahara wa kocha mmoja wa makasia, anayelipwa kama mwalimu mwandamizi wa sekondari, hauwezi kuishinda bajeti ya nchi.

Kwa hiyo naomba ateuliwe kocha mmoja wa makasia kwa ajili ya Kanda ya Ziwa na mwingine kwa ajili ya pwani, wapelekwe kusoma kupitia programu za Shirikisho la Kimataifa la Makasia, kisha wapewe mikataba isiyopungua miaka 8, yaani mizunguko miwili kamili ya Olimpiki. Katika miaka 4 ya kwanza wasipimwe kwa medali. Wapimwe kwa idadi ya vijana wanaobaki katika mchezo, kwa idadi ya wasichana miongoni mwao, na kwa idadi ya watoto waliojua kuogelea mikononi mwao. Hili la kuogelea nalisema kwa uchungu, kwa sababu nyumbani kwetu hatujasahau tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na watu 228 wakapoteza maisha mbele ya macho ya ndugu zao waliokuwa nchi kavu. Palipo na kocha wa makasia aliyeajiriwa, yupo mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuhakikisha kwamba hakuna mtoto anayeingia majini bila kujua kuogelea na bila jaketi la kujiokolea.

Naomba pia kwamba nyumba ya kwanza ya mashua itakayojengwa, hata ikiwa ni banda la mabati na mbao lenye mlango mpana, ipewe jina la mmoja wa wazee wetu wanaowafundisha vijana kupiga kasia katika visiwa na mialo ya ziwa bila mshahara wala cheti. Wapo, na viongozi wa mialo wanawajua kwa majina. Parker aliliona jina lake mlangoni miaka 5 kabla ya kufariki, na mzee wa kwetu naye anastahili kuliona lake akiwa bado anaweza kulisoma.

Kwa upande wangu, niko tayari kuja likizo kwa gharama zangu kuwasaidia makocha watakaoteuliwa katika mafunzo ya awali, na nina imani kwamba wenzangu kadhaa wa hapa Boston watakubali nikiwaomba tukusanye makasia na viti vya mashua vilivyotumika ili tuvisafirishe hadi Mwanza, endapo tutapata barua rasmi ya kuturahisishia ushuru bandarini. Nitashukuru kupata majibu yenu, hata yakiwa ya kueleza kwa nini ombi hili haliwezekani kwa sasa.

Wenu katika michezo,

Mpiga makasia wa Mto Charles, mzaliwa wa Ukerewe
Massachusetts, Marekani